Mapigo Manane

Kengele ameniuliza leo mara tatu kama begi lile la kahawia tulitupe, na mara zote tatu nimejitia sijasikia. Limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi miaka nenda miaka rudi, limejaa karatasi za kaboni zilizokwisha, zipu yake ilikufa zamani, na ukiligusa tu vidole vinakuwa vyeusi. Mwenye jengo anataka chumba chake mwisho wa mwezi, anasema ataweka duka la simu. Basi tumekuja sisi wawili, wanawake wazima wenye magoti ya kulalamika, kuifagia ofisi ya Shangazi.

Kengele ni binti yake Shangazi wa kumzaa. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Jina la Kengele alipewa na majirani kwa sababu ya sauti yake, na hata leo akiwa jikoni utamsikia ukiwa barabarani. Mimi waliniita Profesa, na msidhani walikuwa wananisifu.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kinachotazamana na ofisi za serikali. Kulikuwa na kaunta ndogo, meza mbili, taipureta mbili, benchi la wateja kuwekea makalio wakisubiri, na kiti kimoja cha mteja aliyefikiwa na zamu, chenye mguu mfupi uliotiliwa kigae cha sakafu. Watu walitoka kule ng'ambo na fomu mkononi, wamekunja uso, wakavuka barabara wakaja kwetu. Fomu zilikuwa za Kiingereza. Watu hawakuwa wa Kiingereza. Katikati yao alikaa Shangazi, na ndivyo tulivyokula miaka yote.

Sasa niwaambie siri ambayo wateja hawakuijua. Shangazi naye Kiingereza hakuwa nacho. Ungempa barua ya kurasa kumi angekupigia chapa bila kosa hata moja, vidole vyake vilikuwa na akili zao wenyewe, lakini ukimuuliza inasema nini, anakwambia, "Si umuulize aliyeiandika?" Alisoma maumbo. Aliyajua maneno kwa sura, kama unavyowajua watu wa mtaani ambao hujawahi kuongea nao.

Kilichomtoa jasho ni yale maneno pacha. Karibu kila fomu ilikuwa nayo: maneno mawili yamebanana, katikati mstari ulioinama, la kwanza la mmoja, la pili la wengi, na chini kabisa kwa maandishi ya kupofua macho umeambiwa ukate lisilohusika. Sisi kwetu ukifungua mdomo tu mtu ameshajua unasema mmoja au kundi. Mtoto, watoto, mambo yamekwisha. Wao wanakungojesha mpaka mwisho wa neno, na mwisho wenyewe kila neno na mambo yake.

Mwanzoni alitumia akili yake: neno fupi ni mmoja, refu ni wengi. Ilimfaa kwa muda. Halafu siku moja akakutana na man na men, akayapima kwa rula, yakalingana. Nilikuwa na miaka kumi, nimetoka shule, nimekaa kwenye benchi natafuna penseli. Akaniita. "Profesa, njoo unisaidie. Hawa wameniletea mapacha wa kufanana."

Tangu siku hiyo nikapata kazi. Tulichukua kadibodi la boksi la karatasi, nikalichora mstari katikati, mmoja kushoto, wengi kulia, likabandikwa ukutani juu ya meza yake. Kila neno jipya niliandika kwa kalamu nene. Foot, feet. Wife, wives. Child, children. Siku niliyoandika sheep pande zote mbili alivua miwani.

"Umekosea."

"Sijakosea, Shangazi. Kondoo ni hivyohivyo, mmoja au mia."

Akalitazama lile kadibodi muda mrefu. "Yaani kondoo akiongezeka hawana habari, ila mtoto akipata mwenzake wanambadilisha jina lote," akasema. "Haya. Wanajua wenyewe wanachopenda."

Shangazi alikuwa na sheria moja ofisini, na kwa hiyo sheria alikuwa hana mchezo. Mpiga chapa hamchagulii mteja. Hata kama unamjua, hata kama watoto wake unawaona kila siku wanacheza mbele ya mlango wako, unanyanyua mikono kwenye mashine, unamtazama usoni na unamuuliza, "Mmoja au wengi?" Kisha unangoja aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Akisema, unapiga. Huulizi mara ya pili, humkosoi, huguni. "Wewe hujui alichotoka nacho nyumbani," alikuwa akiniambia.

Na kweli. Nilimwona bwana mmoja mwenye kofia akiulizwa kuhusu wake, mkewe yupo hapohapo kwenye benchi amepakata kapu. Yule bwana alikohoa. Alifuta jasho. Akauliza kama anaweza kwenda kunywa maji kwanza. Shangazi amenyanyua mikono tu, uso hauna habari. Mwishowe mama wa kapu akasema, "Mjibu mwenzio, foleni ndefu." Akajibu mmoja, kwa sauti ya chini sana, na kesho yake asubuhi alirudi peke yake kuomba fomu nyingine. Tulicheka mpaka Kengele akapaliwa.

Kukata neno ilikuwa ni kulipiga herufi x juu yake, herufi kwa herufi, mpaka life. Na Shangazi alikuwa na masikio. Hakuhitaji kuangalia nilichofanya. Angeweza kuwa kwenye kaunta amenipa mgongo, anaongea na mteja, na huku anahesabu. Mapigo matano, child amekufa, wamebaki wengi. Mapigo manane, children wamekufa, amebaki mmoja. Nikikosea pigo moja alikuwa akisema bila kugeuka, "Umeacha mguu nje."

Sasa hili begi.

Nililetwa kwa Shangazi nina miaka saba. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alipata kazi mbali, akanileta na begi lile la kahawia, akasema ni wiki mbili tu ajipange. Nilimwona akiondoka na nikaanza kuhesabu siku. Barua zilikuja, halafu zikapungua, halafu hata anwani ikawa hatuna. Wiki mbili zikawa miaka tisa. Na kwa miaka yote tisa, mniamini msiniamini, nguo zangu zilikaa kwenye begi. Lilikuwa chini ya kitanda tulicholala mimi na Kengele. Nilitoa nguo, nikafua, nikaanika, nikakunja, nikarudisha kwenye begi. Kabatini rafu ya tatu ilikuwa tupu, Shangazi hakuweka kitu pale, na Kengele akiweka hata kitana alifokewa. Mimi niliiona ile rafu. Nilijifanya siioni. Mtu aliyekuja kwa wiki mbili hapangi nguo kabatini.

Mwaka niliotimiza kumi na sita, mwenye nyumba tuliyopanga alituambia tutafute pengine. Manispaa ilikuwa inajenga nyumba mpya kule mlimani, za matofali, zina maji ndani. Mzazi mwenye mtoto mmoja alipewa ya chumba kimoja na sebule. Mwenye watoto alipewa ya vyumba viwili. Na hawakuwa na masihara. Wakaguzi walipita nyumba hadi nyumba na orodha, na kichwa kikizidi kinatoka. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kama zote.

Wiki ileile alikuja ofisini mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kubembeleza, kupigiwa barua ya kanisa. Alipomaliza akawa haondoki. Akanitazama mimi, akamtazama Kengele, akasema, "Watoto wako hawa? Wazuri." Shangazi hata hakuinua kichwa. "Huyu mdogo ni wangu," akasema. "Huyu mkubwa ni wa kaka yangu."

Ilikuwa kweli tupu, hakuna aliyenitukana. Lakini neno hilo liliniingia likakaa. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule, na sasa ninazo za karibu zaidi. Usiku na mchana nikawa nalitafuna lile neno. Miaka tisa nimemwandikia kadibodi, nimemkanda miguu, nimemuita Shangazi mpaka ulimi umezoea, kumbe bado mimi ni mzigo wa mtu, umewekwa tu hapa mwenyewe akajipange.

Siku ya kujaza fomu yetu, Shangazi alikuwa kaunta na mteja. Akaniambia, "Profesa, ianze hiyo ya nyumba, mimi nitatia sahihi." Nikatia karatasi tatu na kaboni mbili katikati. Jina lake. Kazi yake. Nikafika pale. Nitakaa pamoja na child, mstari, children.

Nikainua mikono. Ningetakiwa kusubiri yule mteja aondoke, nimtazame Shangazi usoni, nimuulize kama tulivyowauliza watu wote. Sikumuuliza. Niliogopa jibu, huo ndio ukweli, na kwa kuwa niliogopa nikajitia kiburi. Nikasema nitaanza mimi, tuone kama atanizuia. Nikapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nilipiga polepole kwa makusudi, na kwa nguvu, ili asikie. Nilipofika tano nikatulia kidogo. Kwenye kaunta mazungumzo yalikuwa yamekatika. Sita. Saba. Nane.

Hakugeuka. Baada ya muda alikuja, akavaa miwani, akaipitisha kidole fomu yote mpaka chini, na kidole kikasimama pale kikakaa. Mimi natazama ukutani, namuomba kimoyomoyo aseme neno moja tu. Akachukua kalamu akatia sahihi nakala zote tatu. "Ipo safi," akasema, akavuka barabara kuipeleka.

Basi nikajua. Au nilidhani nimejua.

Tulikaa miezi miwili katika ukimya wa adabu. Aliniambia kula, nikala. Niliaga, akaitika. Kengele peke yake ndiye aliyepiga kelele siku alipoiona nakala ya kaboni kwenye faili. "Wewe una wazimu? Mbona umejikata?" Nikamwambia mambo ya wakubwa hayamhusu, na yeye nilimzidi miaka miwili tu. Nikamwandikia mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyekuwa akiishi mji mwingine. Akajibu nije, ingawa shule kule iko mbali na yeye ana kazi za shambani anahitaji mtu. Maana yake shule kwangu basi. Nilimwambia Shangazi nikiwa nimesimama mlangoni. Alikuwa anakunja shuka. Alikunja pembe moja mara tatu.

"Ndivyo unavyotaka?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, na ile pembe akaikunjua tena.

Barua ya nyumba ikaja. Tumepata. Chumba kimoja na sebule, mwombaji na mtoto mmoja, ufunguo uchukuliwe Jumatatu. Kengele alilia kama aliyefiwa. Mimi nililivuta begi kutoka chini ya kitanda, na sikuwa na cha kupanga kwa sababu lilikuwa limepangwa miaka tisa. Nilipangusa vumbi tu.

Jumatatu asubuhi Shangazi alivaa gauni lake la sherehe, akavuka barabara. Mimi na Kengele tukafungua ofisi. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, nikawa namuona kwa mbali kupitia kioo amesimama dirisha la tatu, anaongea na karani, karani anatikisa kichwa, Shangazi haondoki. Karani akaita mwenziwe. Mwenziwe naye akatikisa kichwa. Kisha wakampa karatasi.

Alirudi, akawaomba radhi wateja waliokuwa kwenye benchi, akawaambia wapishe nusu saa. Akafunga mlango. Hakuwa na ufunguo mkononi. Alikuwa na fomu mpya.

"Nyumba nimewarudishia," akasema.

Kengele akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa hakuna kilichotoka.

"Wamesema fomu ikishatiwa sahihi haibadilishwi. Anayetaka kubadilisha aanze upya, mkiani. Miaka miwili, labda mitatu. Nikawaambia niandikeni mkiani." Akakivuta kile kiti cha mteja, chenye mguu mfupi, akakaa. Sijawahi kumuona akikaa pale. Akaniwekea fomu juu ya mashine. "Mimi ni mteja. Fanya kazi."

Nikatia karatasi. Kaboni moja nikaitia kinyume, akaninyooshea kidole nikaigeuza. Jina. Kazi. Nikafika pale, nikasimama.

"Ile siku," akasema, "nilikuwa nahesabu. Ulipofika tano ukatulia, nikasema ahsante Mungu. Halafu ukaendelea. Nikasema labda masikio yangu yamezeeka. Nikaja kuangalia, ni nane. Nikasema basi, mtoto wa watu ameamua kubaki wa baba yake, mimi nani nimzuie? Mpiga chapa hamchagulii mtu." Alitoa miwani akaifuta kwa pindo la gauni, na ilikuwa safi. "Nimekaa nalo miezi miwili. Jana ndipo nikajiuliza, hivi huyu aliniuliza? Umewauliza watu mji mzima. Hata mwenye kofia aliulizwa. Mimi hukuniuliza."

Ndipo yakanitoka yote. Nilimwambia kuhusu yule mama wa barua ya kanisa, na huyu wangu, na huyu wa kaka yangu. Nililia mpaka kamasi. Shangazi alinisikiliza huku kinywa kikiwa wazi.

"Yule?" akasema. "Yule mama ana mwanawe wa miaka thelathini anamtafutia mchumba, mtaa mzima unajua. Alikuwa anakupima kama kitambaa. Ningesema wewe ni wangu angeniletea posa hapohapo mezani. Nikasema wa kaka yangu, ili aende akamuombe kaka yangu. Na kaka yangu sisi wenyewe hatujui alipo. Nikaona atatafuta mpaka achoke."

Kengele ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Shangazi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na nikawa na aibu ambayo hata leo nikiikumbuka naisikia masikioni. Nyumba ya matofali yenye maji ndani ilikuwa imekwenda. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe, herufi kwa herufi.

"Wateja wako nje," Shangazi akasema. "Niulize."

Nikainua mikono kwenye mashine. Nikamtazama usoni.

"Mmoja au wengi?"

"Wengi," akasema. "Wawili. Mkubwa ni kichwa kigumu, lakini hicho hawajakiulizia."

Nikapiga. Alihesabu kwa sauti, kama anavyohesabiwa mtoto anayejifunza kutembea. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nilipotulia pale kwenye tano alifumba macho, akayafumbua mtu alipogonga mlango.

Akainuka kufungua. Mkono uko kwenye kitasa akageuka. "Na lile begi lako kesho lilete hapa ofisini. Hizi kaboni zilizokwisha zinanichafulia droo."

"Nguo nitaweka wapi?"

"Rafu ya tatu," akasema. "Miaka tisa iko wazi. Hata mende wamechoka kuuliza ni ya nani."

Nyumba tuliipata baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Tulihamia kwenye vyumba viwili vya kupanga kwanza, paa linavuja, tukatega masufuria, na Shangazi hakulitaja kosa langu hata siku moja, hata siku maji yalipodondokea unga. Mimi nilimaliza shule. Nilirudi kukaa meza ya pili, na watu waliendelea kuja na fomu zao mpaka kompyuta zilipokuja zikaanza kuuliza zenyewe, tena haraka, bila kumtazama mtu usoni. Shangazi tulimzika mwaka jana. Pale kanisani mhubiri alisoma karatasi kwamba marehemu ameacha watoto wawili, na niliangalia chini kwa sababu nilianza kuhesabu kwa vidole, moja mpaka tano.

Kengele ameuliza mara ya nne. Nimemwambia, kaboni tupa, begi ni la nyumbani. Amenitazama, kisha akaketi kwenye kile kiti kibovu akaanza kuzitoa moja moja, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.